Uzi: Kabla hujanunua chaja, kava au pawabenki, anza kwa kuijua simu yako

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Maswali ya vifaa vya simu yanarudi kila mara: nichukue pawabenki ipi, protekta ipi, chaja ya wati ngapi. Majibu mengi huwa jina la kampuni tu, na muulizaji anaondoka bila kujua kwa nini kaambiwa hivyo. Nimefungua uzi huu tujadili sababu zenyewe. Inaniuma kuona mtu kajinyima mpaka kapata simu nzuri, halafu anaichomeka kwenye waya ambao hata aliyemuuzia hajui umetengenezwaje.

Msimamo wangu ni kwamba simu ndiyo inayoamua. Chaja iliyoandikwa namba kubwa haikusaidii kama simu yako haiwezi kupokea umeme huo. Stendi ya sumaku inayochaji bila waya haina maana kwa simu isiyo na koili, yaani duara la waya linalopokea umeme huo, ndani. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, fungua ukurasa wa sifa za simu yako na utafute mambo manne: inapokea wati ngapi na kwa mfumo gani, tundu lake la USB lina kasi gani ya kuhamisha data, inachaji bila waya au la, na ina nafasi ya memori kadi au haina. Ukishayajua hayo, nusu ya vitu vilivyotundikwa dukani vinajiondoa vyenyewe.

Nianze na chaja na waya, kwa sababu hapo ndipo pesa yako inapotakiwa kwenda kwanza. Zamani chaja ilikuja na simu. Oktoba 2020 Apple iliiondoa kwenye boksi la iPhone 12, na Januari 2021 Samsung ikafanya hivyo kwa Galaxy S21. Tangu hapo kampuni nyingine zimefuata kwa simu zao nyingi, na mzigo wa kuchagua chaja umekuwa wa mnunuzi. Umoja wa Ulaya nao umelazimisha simu mpya zinazouzwa kwake kuwa na tundu la USB-C kuanzia tarehe 28 Desemba 2024. Jambo jema, ila limewafanya wengi waamini kwamba tundu likifanana basi na chaji itafanana. Haiko hivyo.

Mfumo unaotumika kwa upana zaidi unaitwa USB Power Delivery, kwa kifupi PD. Ukichomeka, chaja na simu zinaongea kwanza. Chaja inataja volti ilizonazo, kwa mfano 5, 9, 15 na 20, na simu inaomba inachoweza. Ndiyo maana chaja nzuri ya wati 65 haiwezi kuunguza simu ya wati 25: simu inachukua kiasi chake tu. Kuna nyongeza yake inayoitwa PPS, ambapo volti zinapanda na kushuka kwa hatua ndogo ndogo kadiri betri inavyojaa, na joto ndani ya simu linapungua. Chaji ya kasi ya Samsung ya wati 25 na ile ya 45 zinahitaji PPS. Ukinunua chaja ya PD ya wati 65 isiyo na PPS, Galaxy yako itachaji, lakini kwa kasi ya chini, na utabaki kuilaumu simu.

Upande mwingine kuna kampuni kama OPPO na OnePlus zenye mfumo wao, SUPERVOOC. Kasi kamili inahitaji kichwa cha chaja na waya vinavyoujua mfumo huo. Kwa simu hizi ushauri wangu ni mfupi: nunua chaja ya kampuni yenyewe.

Sasa waya, kitu kinachodharauliwa kuliko vyote. Waya wa USB-C kwa USB-C usio na chipu ya utambulisho unaruhusiwa kubeba ampea 3, yaani wati 60 kwenye volti 20. Ukitaka ampea 5, lazima waya uwe na chipu hiyo. Angalia jinsi hili linavyowachanganya watu: chaji ya Samsung ya wati 45 iko chini ya 60, lakini kwa Galaxy nyingi bado inadai waya wa ampea 5, kwa sababu inapitisha volti 10 kwa ampea 4.5. Mtu ana chaja sahihi na simu sahihi, waya peke yake ndio unaomrudisha nyuma.

Na waya mbovu unaweza kuharibu kifaa kabisa. Benson Leung, mhandisi wa Google, alijipa kazi ya kupima nyaya za USB-C zilizokuwa zikiuzwa mtandaoni na kuandika matokeo hadharani. Februari 2016 alichomeka waya mmoja uliounganishwa vibaya ndani, nyuzi za umeme zikiwa zimebadilishana nafasi, na ukaiharibu kompyuta yake ya Chromebook Pixel pamoja na vifaa vya kupimia. Mwezi uliofuata Amazon ikapiga marufuku nyaya za USB-C zisizofuata viwango. Kama wewe si mhandisi mwenye vipimo mezani, njia ya kujilinda ni kununua kwa mtengenezaji anayejulikana, anayeandika wazi ampea na kasi ya data ya waya wake.

Leteni maswali. Wenye uzoefu wa ufundi mnisaidie pia.

Msafiri

Mkuu, nondo kali. Swali langu ni pawabenki. Nina ya 20,000 mAh na simu ya 5,000 mAh. Kwa hesabu ya kawaida ni chaji nne, lakini mimi napata mbili na kidogo. Nimeuziwa feki?

Mwanzisha uzi

Si lazima, ndugu. Ile 20,000 imehesabiwa kwenye volti za seli zilizomo ndani, takriban 3.7. Simu inapokea 5 au 9 au zaidi, kwa hiyo pawabenki lazima ipandishe volti, na mAh zinazotoka zinapungua kwa uwiano huohuo. Njia safi ni kuhesabu kwa watisaa (Wh): 20,000 mAh kwa volti 3.7 ni Wh 74. Betri ya simu yako ni kama Wh 19. Ukigawa unapata karibu mara nne, lakini kuna umeme unaopotea kama joto wakati wa kubadilisha volti, ndani ya pawabenki na tena ndani ya simu. Ukitoa huo, unabaki na chaji mbili na nusu hadi tatu. Yako haiko mbali sana na hapo, hasa kama ina umri au unaitumia simu huku ikichaji.

Watengenezaji waaminifu huandika nyuma, kwa herufi ndogo, uwezo halisi unaotoka kwenye volti 5. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha dukani. Na ukikuta pawabenki nyembamba na nyepesi inadai 50,000 mAh, iache hapo hapo. Seli za lithiamu zina uzito wake, haziwezi kufichwa.

Msafiri

Nimekupata. Na kwenye ndege?

Mwanzisha uzi

Hadi Wh 100 unabeba mkononi bila kuomba ruhusa, ingawa kunaweza kuwa na kikomo cha idadi. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Zaidi ya hapo haipandi. Kwenye begi linalowekwa chini ya ndege hairuhusiwi hata iwe ndogo kiasi gani, kwa sababu ikiwaka kule hakuna wa kuizima. Ile ya 20,000 yenye Wh 74 inapita, na hata 26,800 mAh inaingia chini ya 100.

Watu huona masharti haya kama usumbufu. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini kwenye uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Abiria na wahudumu wote walitoka, na wachunguzi walieleza kuwa yaelekea chanzo kilikuwa pawabenki iliyowekwa kwenye kabati la juu. Juni mwaka huohuo Anker, kampuni yenye jina kubwa, iliziita zirudishwe zaidi ya pawabenki milioni 1 za modeli ya A1263 zilizouzwa Marekani, kwa hofu ya moto. Kwa hiyo hata ukinunua jina kubwa, soma namba ya modeli kwenye mgongo wake na uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Mama wa Wawili

Naomba mnisaidie sisi wenye watoto. Simu yangu inaanguka kila siku. Nimeona kava zimeandikwa "kiwango cha kijeshi" na protekta za 9H, bei ziko juu. Zinastahili au ni maneno ya biashara?

Mwanzisha uzi

Dada, kava inastahili kabisa, maandishi yake ndiyo ya kuyapima. "Kiwango cha kijeshi" ni MIL-STD-810, mwongozo wa majaribio wa jeshi la Marekani. Jaribio lake maarufu la kudondosha ni mara 26 kutoka mita 1.22, kwenye ubao uliowekwa juu ya zege. Lakini hakuna ofisi ya jeshi inayozikagua kava za simu na kuzipa muhuri. Mtengenezaji anajaribu mwenyewe au analipa maabara, na anaweza kuchagua jaribio analolitaka. Kwa hiyo usinunue kwa ajili ya maandishi. Ishike mkononi. Angalia pembe nne, maana simu nyingi hutua kwa pembe: ziwe nene, na ukizibonyeza zilegee kidogo. Angalia ukingo wa mbele, uinuke juu ya kioo kiasi kwamba ukiilaza simu kifudifudi skrini haigusi meza. Vivyo hivyo nyuma, kwenye kamera. Mpira laini unaoitwa TPU unafanya kazi hiyo vizuri sana, hata ule wa bei ya kawaida. Ule unaoonyesha simu utageuka rangi ya njano kadiri muda unavyokwenda. Ni tabia ya plastiki yenyewe na haipunguzi ulinzi.

Kuhusu 9H, hicho ni kipimo cha penseli, zile za kuandikia. Kinasema tu kwamba penseli ngumu ya 9H haikuacha mkwaruzo. Wauzaji wanakitaja kana kwamba ni 9 kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, ambako almasi ni 10. Kioo kwa Mohs kiko kama 6, na chembe za mchanga wa kwazi ni 7. Maana yake mchanga ulioko mfukoni au ndani ya mkoba utaikwaruza protekta yoyote ya kioo, iandikwe 9H au vinginevyo. Na kazi yake ni hiyo hasa, ikwaruzwe na kupasuka yenyewe kabla ya kioo cha simu. Hivyo usinunue moja ya bei kubwa. Nunua pakiti yenye mbili au tatu na ubadilishe.

Simu Tupu

Mimi napingana na protekta. Vioo vya siku hizi ni imara, watengenezaji wa vioo vya simu vya Gorilla Glass wanaboresha kila toleo. Protekta inaharibu mguso na mwonekano wa skrini uliyoilipia.

Mwanzisha uzi

Mkuu, ni kweli vioo vinaboreshwa, hasa kwenye kuhimili kuanguka. Ila mchanga ni uleule wa 7 na kioo bado ni kioo. Kwa mtu anayeishi ofisini na kuiweka simu kwenye mfuko wake peke yake, hoja yako inasimama. Kwa mwenye watoto, au anayefanya kazi nje penye vumbi, kubadilisha protekta ni jambo la dakika chache, kubadilisha skrini ya OLED ni gharama inayokaribia simu nyingine. Mimi nitamshauri aweke kila mara.

Fundi Mezani

Niongeze upande wa ufundi. Angalieni kisoma alama za vidole kilichoko chini ya skrini. Kuna cha mwanga na kuna cha mawimbi ya sauti, kama kwenye Galaxy S kubwa tangu S10 ya 2019. Hicho cha mawimbi hakipendi hewa kati ya protekta na skrini. Protekta iliyogundishwa pembezoni tu, katikati ina uwazi, itakifanya kikatae kidole. Chukueni ya gundi nzima iliyoandikwa kuwa inafaa kwa modeli yenu, na mkishaibandika futeni alama za vidole za zamani, msajili upya.

Pia zile za gundi ya maji inayokaushwa kwa taa ya bluu: zinashika vizuri kwenye skrini zilizojikunja, lakini napokea simu ambazo gundi imeingia kwenye spika ya sikioni na kwenye vitufe. Kama skrini yako imejikunja, bora filamu laini ya TPU kuliko gundi ile.

Mwanzisha uzi

Hili la kusajili upya wengi hawalijui. Asante sana, fundi.

Mpigapicha

Wengine tunatumia simu kutengeneza video. Ninunue nini kwanza? Nimeona lenzi za kubana juu ya kamera na gimbali, kile kishikio chenye mota kinachotuliza simu.

Mwanzisha uzi

Maiki, kabla ya kitu kingine chochote. Mtazamaji anavumilia picha ya wastani, sauti ya mbali yenye mwangwi anaikimbia. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, inayochomekwa USB-C, inabadilisha video yako kuliko lenzi yoyote. Baada ya hapo stendi ya miguu mitatu yenye kishikio kigumu, kisha taa ndogo. Lenzi za kubana ningeziacha. Simu za sasa zina lenzi pana na za kuvuta tayari, na kipande cha kioo cha nje kinaleta ukungu pembezoni na miale isiyotakiwa. Vilevile vile vioo vya kubandika juu ya kamera: vinashika vumbi na kutawanya taa za usiku, wakati kifuniko cha kamera kiwandani kimeshatengenezwa kigumu. Gimbali inafaa kwa anayerekodi huku anatembea muda mrefu. Kwa wengine uthabiti uliomo kwenye simu unatosha.

Kama unarekodi video nzito, rudi kwenye lile jambo la kasi ya tundu. iPhone 15 ya kawaida ina USB-C, lakini data inapita kwa megabiti 480 kwa sekunde, kasi ya USB 2.0. iPhone 15 Pro inafika gigabiti 10, na inaweza kurekodi moja kwa moja kwenye diski ya nje. Nyaya nyingi zinazokuja na simu ni za USB 2.0, kwa hiyo hata mwenye Pro anahitaji waya mwingine ili aifaidi kasi hiyo.

Na tafadhali, wanaofunga simu kwenye usukani wa pikipiki: Septemba 2021 Apple ilitoa onyo kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu utulivu wa picha na ulengaji wa kamera. Simu nyingine zenye lenzi zinazoelea zina mfumo wa aina hiyohiyo. Kama ni lazima, nunua kishikio chenye kizuia mtetemo.

Kijana wa Sauti

Visikizi visivyo na waya je? Nimeambiwa nitafute vya LDAC.

Mwanzisha uzi

Simu yako ni ipi? LDAC ni mfumo wa kubana sauti inayotumwa kwa Bluetooth. Kama ni iPhone, haitumiki, utabaki kwenye mifumo mingine, AAC au SBC, hata kisikizi kiwe cha gharama gani. Kama ni Android inayoiunga mkono, LDAC inafika kilobiti 990 kwa sekunde, na tofauti utaisikia pale unapokaa mahali tulivu na faili nzuri. Kwenye basi lenye kelele, kukaa vizuri sikioni na kuzuia kelele ni muhimu mara nyingi zaidi.

Lakini jua kwamba betri za visikizi hivi ni ndogo, zinachoka, na nyingi hazibadilishiki. Mwenye kutaka kitu cha kudumu achukue visikizi vya waya na adapta ya USB-C kwenda tundu la milimita 3.5. Hakikisha adapta ina chipu yake ya kubadilisha sauti. Zipo zisizo na chipu, zinategemea simu itoe sauti yenyewe, na simu nyingi haziitoi, kwa hiyo unachomeka na kimya kinatawala.

Kazini Daima

Chaji ya sumaku hamjaigusa. Inafaa?

Mwanzisha uzi

Inafaa mezani na kwenye gari, kwa urahisi wa kuweka na kuchukua. Si kwa kasi. Umeme mwingi zaidi unapotea kuliko kwenye waya na unageuka joto, na joto ndilo linalozeesha betri ya lithiamu. Sumaku inasaidia kwa kuweka koili mbili sawasawa, na upotevu unapungua. Apple ilianza nayo kwa jina la MagSafe kwenye iPhone 12, na mwaka 2023 ikawa msingi wa kiwango cha wote, Qi2, kilichoanza na wati 15. Pixel 10 ya Google ina sumaku ndani. Galaxy S25 haina, inahitaji kava yenye sumaku. Ukinunua stendi angalia nembo ya Qi2 yenyewe. Maneno kama "inaendana na sumaku" yanamaanisha kuna pete ya sumaku tu, hayasemi lolote kuhusu umeme. Na kile kibati cha chuma cha kubandika nyuma kwa ajili ya vishikio vya gari kiondoe kabla ya kuchaji bila waya. Kinapata moto.

Mwanafunzi

Memori kadi ya TB 2 kwa bei ya GB 64, ni kweli?

Mwanzisha uzi

Hapana, mdogo wangu. Kadi hizo zimebadilishwa programu ili zijitangaze kuwa kubwa. Zikijaa uwezo wao halisi, faili mpya zinaandikwa juu ya za zamani au zinapotea, na utagundua picha zimeharibika siku unayozihitaji. Ukinunua kadi yoyote, ijaze na uisome tena kwa programu ya bure kama H2testw ya Windows au F3 ya Linux na Mac kabla ya kuweka kitu cha maana. Kwa simu chagua yenye alama ya A1 au A2 kama utahifadhi programu, na V30 kama ni video. V30 inahakikisha megabaiti 30 kwa sekunde mfululizo.

Mkiwa dukani mtaonyeshwa pia stika za kuzuia mionzi na za kuongeza mtandao. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwahi kuwaonya wanunuzi kuhusu hizo za mionzi: zikiziba antena, simu inaongeza nguvu ya kutangaza ili ifikie mnara. Unalipia kinyume cha ulichoahidiwa.

Msafiri

Nimerudi, wakuu. Nimekagua pawabenki zangu zote. Ya zamani kabisa imevimba kidogo katikati, ila bado inachaji. Niitumie mpaka ife?

Mwanzisha uzi

Usiichaji tena hata mara moja, ndugu. Kuvimba ni gesi iliyojikusanya ndani ya seli, na seli iliyofika hapo inaweza kuwaka bila kutoa dalili nyingine. Usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiifungue. Iweke juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na kitanda, nguo na karatasi, na mbali na jua. Usiitupe kwenye takataka za kawaida, maana gari la taka linaikandamiza na moto unaanzia humo. Ipeleke mahali wanapopokea betri za lithiamu zilizokwisha, na waambie mapema kwamba imevimba ili waitenge na nyingine.